Jonathan Coe na Bei ya Kicheko

Oktoba 1961, katika eneo la Soho jijini London, Peter Cook, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Cambridge juzijuzi tu, alifungua klabu ya usiku ambayo kazi yake ilikuwa kuwadhihaki wakubwa. Waziri Mkuu wa siku hizo, Harold Macmillan, alikwenda mwenyewe katika ukumbi wa tamthilia, si klabuni, kutazama onyesho la Cook na wenzake, na Cook akamwigiza na kumkejeli macho kwa macho. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna ukumbi uliofungwa. Nje, himaya ilikuwa ikikunjwa kama mkeka wa shughuli iliyokwisha. Desemba ya mwaka huohuo bendera ya Mwingereza ikashushwa Dar es Salaam. Tabaka lililozoea kuamuru mabara mawili matatu lilikuwa linanyang'anywa tonge mdomoni, na vijana waliolelewa katika shule zake ndio waliokuwa wakilicheka.

Miezi miwili kabla ya klabu ile kufungua milango, tarehe 19 Agosti 1961, alizaliwa Jonathan Coe huko Lickey, pembezoni mwa jiji la Birmingham upande wa kusini-magharibi. Leo ni miongoni mwa waandishi wa riwaya za tashtiti, yaani za kuwadhihaki wakubwa kwa kicheko, wanaoheshimiwa zaidi Uingereza, na kwa maoni yangu ndiye pekee kati yao aliyethubutu kugeuka nyuma na kuwauliza watangulizi wake, kisha kujiuliza mwenyewe: kicheko kile kilimsaidia nani? Aliyechekwa aliondoka na madhara gani? Na aliyecheka, alipofika nyumbani, alifanya nini?

Nimesoma makala nyingi zinazomweka Coe katika fungu la waandishi wachekeshaji, kana kwamba hapo ndipo anapoishia. Naona wanamkosea. Safari yake ya uandishi, inayokaribia miaka arobaini sasa, ni safari ya mtu aliyeanza akiamini silaha yake, akaitumia kwa ustadi mkubwa, akashtuka alipoona haiui, na badala ya kuitupa akaanza kutafuta namna nyingine ya kuishika.

Tuanze na mwalimu wake. Coe alisoma shule ya King Edward's, Birmingham, kisha Trinity College, Cambridge, halafu akaenda Warwick alikoandika tasnifu ya uzamivu juu ya Henry Fielding, mwandishi wa karne ya 18. Wengi wanamjua Fielding kwa riwaya yake ya Tom Jones ya mwaka 1749. Lakini kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya alikuwa mtunzi wa tamthilia, na tamthilia zake zilimchoma Waziri Mkuu Robert Walpole hadi serikali ikapitisha sheria ya mwaka 1737 ya kukagua kila tamthilia kabla haijapanda jukwaani. Fielding akafungiwa njia ya ukumbini. Akageukia sheria na riwaya. Jambo hili naliona zito, na nitalirudia: mtu ambaye Coe alimsoma kwa miaka alikuwa mtu ambaye kicheko chake kilimgharimu riziki. Walpole alikiogopa. Macmillan, miaka zaidi ya 220 baadaye, alikata tiketi akaenda kukitazama.

Riwaya tatu za kwanza za Coe, zilizotoka kati ya 1987 na 1990, ni za mwandishi anayejipima. Zina ucheshi, zina huzuni ya vijana wasio na kazi wala mapenzi yenye mwelekeo, lakini hazikumtikisa mtu. Kilichomtikisa msomaji kilikuja mwaka 1994: What a Carve Up!

Naomba nikae hapa kidogo, maana kitabu hiki bado nakiona kuwa ndicho shambulio kali zaidi lililowahi kufanywa kwa njia ya riwaya dhidi ya Uingereza ya Margaret Thatcher. Coe aliunda ukoo mmoja, akina Winshaw, matajiri wa Yorkshire, akampa kila mmoja wao kiungo kimoja cha nchi akitafune. Hilary anakalia magazeti na televisheni. Henry ni mwanasiasa anayeifungua huduma ya afya ya taifa iingiwe na wafanyabiashara. Dorothy ana mashamba ya kiwandani, ya kuku na mifugo waliobanwa vizimbani, na chakula chake kinaingia katika kila jiko la maskini. Thomas yuko benki. Roddy anauza sanaa. Mark anauza silaha, na mteja wake mmoja ni Saddam Hussein. Kinachounganisha yote ni mwandishi mpweke, Michael Owen, anayelipwa aandike historia ya ukoo huo, na taratibu anagundua kwamba kila pigo lililowahi kumpata yeye mwenyewe maishani lina alama ya vidole vya Winshaw mmoja au mwingine.

Huo ndio ufundi wenyewe. Hotuba za siasa hutuambia kwamba sera inaumiza wananchi. Coe anamchukua jirani wa Michael, mwanamke aitwaye Fiona, anampeleka hospitali akiwa mgonjwa sana, na kutuweka nasi tusubiri naye: kitanda hakuna, daktari hayupo, saa zinakwenda. Tumekwisha kumwona Henry Winshaw akizungumza kuhusu ufanisi na matumizi. Sasa tunaona ufanisi ule ukiwa na uso. Fiona anakufa. Hapo hakuna mzaha hata chembe, na msomaji aliyekuwa akicheka kurasa ishirini nyuma anakumbuka alikuwa akicheka nini, na anaona haya.

Kuhusu silaha, Coe hakuwa akibuni kitu cha mbali. Kampuni ya Matrix Churchill ilikuwa Coventry, mwendo mfupi tu kutoka alikokulia, na mwaka 1992 kesi ya wakurugenzi wake walioshtakiwa kwa kuuza mitambo Iraq ilivunjika mahakamani baada ya kudhihirika kwamba ndani ya serikali walikuwapo waliojua na kuruhusu. Ripoti rasmi ya uchunguzi haikutoka hadi 1996. Riwaya ilitangulia ripoti kwa miaka miwili. Usiku ambao akina Winshaw wanauawa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa namna inayolingana na dhambi yake, ni usiku wa tarehe 16 Januari 1991, saa zilezile ndege za Marekani, Uingereza na washirika wao zikielekea Baghdad.

Kitabu kilipata Tuzo ya John Llewellyn Rhys. Kikatafsiriwa. Ufaransa kikapokewa kwa shangwe kubwa kuliko nyumbani, na kuanzia hapo Coe amekuwa mwandishi ambaye Wafaransa na Waitalia humsoma wanapotaka kuwaelewa Waingereza. Mwaka 1998 Wafaransa walimpa tuzo ya Médicis kwa kitabu cha kigeni kupitia The House of Sleep. Waingereza wenyewe walichukua muda. Nadhani sababu ni kwamba msomaji wa Paris anaweza kumchukua Coe kama daktari anayesoma picha ya eksirei, ilhali kwa msomaji wa London ile eksirei ni ya kifua chake.

Halafu likatokea jambo ambalo mwandishi mwenye hasira hulitazama kwa uchungu: hapakutokea kitu. Akina Winshaw wa kubuni walikufa. Akina Winshaw wa kweli waliendelea. Chama cha Labour kiliingia madarakani 1997 na milango iliyofunguliwa na Thatcher haikufungwa. Mingine iliongezwa upana.

Coe akarudi nyumbani. Mwaka 2001 alichapisha The Rotters' Club, na ghafla kalamu iliyokuwa na makali ikawa na joto. Tuko Birmingham ya miaka ya 1970, shuleni, pamoja na Benjamin Trotter na rafiki zake. Baba zao wanahusiana na kiwanda cha magari cha Longbridge, mmoja upande wa uongozi, mwingine akiwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kuna muziki, kuna jarida la shule, kuna kupenda kwa siri. Na kuna tarehe 21 Novemba 1974, siku mabomu yalipolipuka katika baa mbili za Birmingham na watu 21 wakafa. Coe anamketisha dada yake Benjamin, Lois, katika baa mojawapo pamoja na kijana anayempenda, wakati kijana huyo ametaka kumposa. Posa haimaliziki. Lois atabeba usiku ule katika riwaya mbili zinazofuata, hadi utu uzima wake, na hakuna hata mara moja ambapo mwandishi anautumia kwa maonyesho. Katika kitabu hichohicho kuna sentensi moja yenye maneno 13,955, ndani ya kichwa cha kijana aliyejaa furaha ya mapenzi asiyeweza kuweka nukta. Wengi huitaja kama maajabu ya ufundi. Mimi naiona ni upendo wa mwandishi kwa umri ule, umri ambao mtu huamini kwamba kitu kizuri hakina mwisho.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kukisoma kitabu hiki kwa jicho la pembeni. Eneo lile la kati la Uingereza, ambalo Coe amelifanya kuwa dunia yake yote, lilibadilishwa miaka ileile na watu waliotoka kwetu. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria haraka haraka, kwa siku chache tu, ili kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Aprili, Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton, alisimama katika hoteli moja ya Birmingham akatoa hotuba yake ya kutabiri mto unaotoa povu la damu. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na halmashauri ya jiji la Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwake. Walikwenda hata hivyo, na mji ule leo hauwezi kusimulia habari zake bila wao. Kule London, kati ya 1976 na 1978, mgomo mrefu wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick uliongozwa na Jayaben Desai, mama aliyewahi kuishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza.

Nayasema haya kwa sababu ndipo ninapokuwa na manung'uniko yangu makubwa na Coe. Anaujua ubaguzi na hakuuficha: mwanafunzi mweusi pekee katika shule ya Benjamin, Steve Richards, anabandikwa jina la utani la kibaguzi na kufanyiwa hila na mwenzake. Powell anatajwa, chuki inaonyeshwa. Lakini familia zilizoshuka kutoka Nairobi na Kampala na masanduku mawili mawili, zikafungua maduka na kuingia viwandani, zinabaki nje ya dirisha la riwaya. Kwa mwandishi aliyejitwika kazi ya kueleza moyo wa Uingereza, hilo ni pengo, na halikuzibwa vya kutosha hata baadaye. Uingereza yake inawaona wageni zaidi kupitia macho ya wale wanaowaogopa.

Vitabu kadhaa nitavipita. The Closed Circle (2004) ulimfuata Benjamin hadi utu uzima na vita vya Iraq, na una ukavu fulani, kana kwamba mwandishi alilazimishwa na ratiba ya habari. Mwaka huohuo alitoa wasifu wa B. S. Johnson, mwandishi wa majaribio aliyejiua mwaka 1973. Ni kazi ya miaka mingi na ilishinda Tuzo ya Samuel Johnson mwaka 2005. Anayetaka kujua Coe anaichukuliaje kazi ya riwaya, aanzie huko.

Sasa tufike Julai 2013. Jarida la London Review of Books lilimpa Coe kitabu cha kuhakiki: mkusanyiko wa misemo na vichekesho vya Boris Johnson, aliyekuwa meya wa London wakati huo. Coe alikichukua kitabu hicho chepesi akakifanya mlango wa kuhoji miaka hamsini ya tashtiti ya nchi yake. Kichwa cha makala alikichota kwa Peter Cook, aliyewahi kuonya kwamba Uingereza iko hatarini kuzama baharini huku ikichekacheka. Alikumbusha pia kauli nyingine ya Cook, kwamba klabu yake ilifuata mfano wa vilabu vya Berlin vilivyofanya kazi kubwa ya kumzuia Hitler. Maana ya kauli hiyo ni chungu: vilabu vile vilikuwa vikali, vilijaa watu kila usiku, na Hitler aliingia madarakani.

Kisha akaingia kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1998 Johnson, wakati huo mwandishi wa magazeti, alialikwa kwa mara ya kwanza katika kipindi cha televisheni cha kejeli za siasa, Have I Got News for You. Mmoja wa wenyeji wa kipindi akamwuliza kuhusu mazungumzo ya simu yaliyokuwa yamerekodiwa, ambamo rafiki yake wa zamani alimwomba atafute anwani ya mwandishi wa habari ili mwandishi huyo akapigwe. Ni swali ambalo katika chumba kingine lingeweza kummaliza mtu. Johnson akababaika, akajikuna kichwa, akajifanya mjinga kidogo, watazamaji wakacheka, na swali likayeyuka ndani ya kicheko. Alitoka pale akiwa anapendwa zaidi kuliko alivyoingia. Akaalikwa tena, na tena akaombwa awe mwenyekiti wa kipindi. Mwaka 2008 akawa meya. Coe aliandika mwaka 2013 kwamba mwanasiasa aliyekwisha kujifunza kujicheka mwenyewe amewanyang'anya wachekeshaji kazi, kwa sababu hamna unachoweza kumfanyia ambacho hajajifanyia. Na aliona hatari nyingine iliyo kubwa zaidi: mwananchi akishacheka huhisi amefanya jambo. Hasira yake imepata pa kutokea. Analala vizuri. Miaka sita baada ya makala ile, Julai 2019, Johnson aliingia nyumba namba kumi mtaa wa Downing, makao ya Waziri Mkuu.

Nimeizungusha hoja hii kichwani mara nyingi, na nakubaliana nayo kwa Uingereza. Sikubaliani nayo ikifanywa kanuni ya dunia nzima. Turudi kwa Fielding na Walpole: serikali haitungi sheria dhidi ya kitu kisichoiuma. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa usajili, lakini siku chache kabla lilikuwa limechapisha katuni ya Gado, Mtanzania anayefanyia kazi Nairobi, iliyomchora Rais Jakaya Kikwete katika hali ambayo wakubwa hawakuipenda. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na kampuni ya magazeti aliyoichorea kwa zaidi ya miaka ishirini haukuendelea. Mchoro mmoja wa kalamu ya wino ulisumbua watu wenye majeshi. Kwa hiyo nadhani kile ambacho Coe aligundua ni habari ya bei. Pale kicheko kinapotolewa bure, kikidhaminiwa na televisheni ya taifa na kuhudhuriwa na waziri mkuu mwenyewe, kinakuwa sehemu ya samani za ikulu. Pale kinapomgharimu mchekeshaji kazi au uhuru, msikilizaji naye hukipokea kwa uzito huohuo, akakitembeza kwa minong'ono, na hakimlazi usingizi.

Coe hakuiacha hoja ibaki kwenye jarida. Katika Number 11, riwaya ya mwaka 2015 inayowarudisha mabaki ya ukoo wa Winshaw katika nchi ya kubana matumizi, kuna sehemu ambamo wachekeshaji wa majukwaani wanauawa, na nyuma ya mauaji yuko mtu anayeamini kwamba vichekesho vya siasa ndivyo vinavyowafanya wananchi wasisimame. Ujasiri wa kumweka muuaji mdomoni mwake hoja uliyoiandika wewe mwenyewe kwa dhati si wa kila mwandishi. Hata hivyo nasema wazi kwamba kitabu kizima hakisimami. Kuna familia zinazopanga foleni kwenye vituo vya chakula cha msaada, na hizo zimeandikwa kwa moyo. Kuna tajiri wa London anayechimba ghorofa kumi na moja chini ya nyumba yake, jambo linalokaribia ukweli kuliko inavyodhaniwa. Halafu kuna buibui wakubwa wa kutisha, na hapo mwandishi anaonekana kutafuta sauti ya 1994 ambayo hana tena. Mtu aliyekwisha kupoteza imani na kejeli hawezi kuirudia kwa kulazimisha.

Alipoikubali hali hiyo ndipo alipoandika Middle England (2018), na hapa naingia kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote. Benjamin na wenzake sasa wana miaka hamsini na kitu. Riwaya inaanza Aprili 2010, siku ya mazishi ya mama yake Benjamin, na inakwenda taratibu hadi kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 na mparaganyiko uliofuata. Matokeo yanajulikana: asilimia 51.9 walitaka kutoka katika Umoja wa Ulaya, 48.1 walitaka kubaki. Birmingham yenyewe, jiji la watu wa kila rangi, ilipiga kura ya kutoka kwa tofauti ndogo kabisa.

Angekuwa Coe wa zamani, wapiga kura wa kutoka wangekuwa kundi la vikaragosi. Yeye mwenyewe hakuunga mkono kutoka, na halifichi hilo. Lakini tazama anavyomwandika Ian, mume wa mpwa wake Benjamin, Sophie. Ian ni mwalimu wa darasa la madereva waliokamatwa kwa mwendokasi. Mtu mpole, si mjinga, si mkatili. Alitarajia cheo, kikapewa mwenzake wa asili ya Asia, Naheed, na ndani yake kukaota kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui jina. Mama yake, Helena, anamsifu Enoch Powell waziwazi mbele ya mkwewe, kwa sauti ileile ya kumkaribisha mtu chai. Sophie ni mhadhiri wa historia ya sanaa, amezoea watu wanaofikiri kama yeye. Kura inapita kati ya mume na mke kama msumeno, na wanaishia mbele ya mshauri wa ndoa, kila mmoja akijaribu kueleza kwa nini karatasi moja ya kura imemfanya amwone mwenzake kama mgeni. Coe hamchekeshi msomaji dhidi ya Ian. Anamwacha Ian awe na maumivu na awe na makosa kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kejeli yoyote.

Na kuna Colin, baba yake Benjamin, mjane, aliyefanya kazi maisha yake yote Longbridge. Kiwanda kile kilianza mwaka 1905, na kiliporomoka Aprili 2005 kikiacha watu wapatao 6,000 bila ajira. Mzee anamwomba mwanawe ampeleke akaone. Wanafika, na mahali pa karakana pana maduka. Colin hawezi kuelewa. Anauliza, kwa swali la mtoto lakini lenye uzito wa mtu mzima, kwamba kama kiwanda hakipo, watu watapata wapi pesa za kununua katika maduka haya. Benjamin, aliyesoma vyuo vikuu vizuri, hana jibu. Nimesoma ripoti za wachumi juu ya kura ile. Hakuna iliyonionyesha kidonda kwa ufupi kama swali la yule mzee akiwa ndani ya gari la mwanawe.

Kitabu kilipata Tuzo ya Costa ya riwaya, na Ulaya bara ikakipa Tuzo ya Kitabu cha Ulaya. Wapo wahakiki walioona kimekuwa laini mno, kwamba hasira imezeeka. Siafiki. Hasira ipo, imeacha tu kujipamba.

Tangu hapo ameandika kwa kasi. The Proof of My Innocence (2024) unazungukia siku 49 za Waziri Mkuu Liz Truss madarakani, mwaka 2022, na kuzifumbata ndani ya hadithi ya mauaji. Unachangamsha, na sehemu zake kuhusu wanafikra wa mrengo wa kulia walioiandaa nchi tangu vyuoni ni za mtu anayewajua kwa karibu. Lakini kitabu ambacho kimebaki nami ni kile cha kabla yake, Bournville, kilichotoka Novemba 2022.

Bournville ni kijiji kilichojengwa na akina Cadbury kuzunguka kiwanda chao cha chokoleti kusini mwa Birmingham, baada ya kuhamia huko mwaka 1879. Walikuwa Wakweka, watu wa dini wasiokunywa pombe, kwa hiyo kijiji hakikuwa na baa. Coe anamfuata mwanamke mmoja wa huko, Mary Lamb, kupitia siku saba ambazo Uingereza nzima ilikaa kutazama kitu kimoja: mwisho wa vita 1945, kutawazwa kwa malkia 1953, fainali ya Kombe la Dunia 1966, na kuendelea hadi mazishi ya Diana na kisha Mei 2020, miaka 75 baada ya vita. Familia inakua, inagombana, inaoa watu wa rangi nyingine, mmoja wao hapati nafasi katika moyo wa mkwe kwa sababu hiyo, mmoja anakwenda Brussels kutetea chokoleti ya Kiingereza katika mgogoro uliochukua miaka mingi kwa sababu ya mafuta ya mimea yaliyomo ndani yake. Huko Brussels anakutana na kivuli cha mwandishi wa magazeti kijana, mcheshi, nywele timtimu, anayebuni habari za kuidhihaki Ulaya. Ni yuleyule wa televisheni ya 1998.

Mary anakufa mwaka 2020 wakati wa vizuizi vya korona. Wanawe wamekuwa wakija kumwona kwa mbali, yeye upande mmoja, wao upande mwingine, kama sheria ilivyotaka. Hawakumgusa. Usiku wa mwisho yuko peke yake. Katika maelezo mwishoni mwa kitabu Coe anasema kifo kile ni cha mama yake mzazi, aliyefariki Juni 2020, na kwamba familia yao ilifuata masharti yote. Mwezi huohuo wa Juni, tarehe 19, katika nyumba namba kumi mtaa wa Downing, watu walikusanyika kumpongeza Waziri Mkuu kwa siku yake ya kuzaliwa. Aprili 2022 polisi walimtoza faini kwa mkusanyiko huo. Mwandishi aliyewaua akina Winshaw mmoja mmoja kwa vifo vya kubuni alikuwa na kila sababu, na kila ufundi, wa kumfanyia mtu yule tashtiti ya kutisha. Alichoandika ni chumba cha mama, simu yenye picha inayokatika mtandao unapokuwa mdogo, na watoto wakubwa wenye mvi wakiwa wamesimama bustanini.